Jiwe la Kupimia

Kwa miaka 34 niliyofundisha Jiografia katika shule za sekondari, neno basalt nililiandika ubaoni kila mwaka, pale tulipofika kwenye miamba ya moto. Ni mwamba mweusi, au wa kijivu kizito, wenye chembe ndogo kiasi kwamba jicho tupu haliwezi kuzitenganisha, nao hutokana na zaha iliyomwagika juu ya ardhi ikapoa haraka. Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari zote za dunia ni mwamba huo. Kwetu unapatikana katika Mlima Kilimanjaro na katika nyanda za Bonde la Ufa, na hata wanaanga wa Apollo 11, waliporudi kutoka mwezini Julai 1969, walikuja na vipande vyake. Wanafunzi waliyapokea hayo yote bila taabu. Lililowasumbua ni jina. Kila mwaka hakukosekana mmoja wa kuuliza kama mwamba huu una uhusiano na chumvi, maana chumvi kwa Kiingereza ni salt, na neno hilo limekaa mwishoni mwa basalt kama mkia wa mjusi.

Hauna uhusiano wowote na chumvi. Lakini mtoto aliyeuliza anastahili kupewa zaidi ya hapana, na swali hilo ndilo lililonifanya nianze kufuatilia neno hili vitabuni, kidogo kidogo, kwa miaka mingi, mpaka baada ya kustaafu. Nilidhani nitakuta mstari mmoja wa kamusi. Nilichokuta ni safari ya miaka zaidi ya 3,000, yenye dhahabu, watumwa, mahakama, mwandishi aliyeuawa na volkano, na mnukuzi mmoja aliyepotosha herufi.

Tuanze Misri. Kati ya mto Nile na Bahari ya Shamu, upande wa mashariki wa mji wa Qift, kuna bonde kavu liitwalo Wadi Hammamat. Humo Wamisri wa kale walichimba jiwe gumu la rangi ya kijivu inayoelekea ujani, lenye chembe laini mno, linalokubali kusuguliwa hadi likang'aa. Waliliita bekhen. Walilichonga sanamu za wafalme, majeneza ya mawe na vibao vya kusagia rangi ya macho, tangu enzi za mwanzo kabisa za ufalme wao. Kuta za bonde lile zimejaa maandishi ya misafara iliyotumwa kulileta jiwe hilo, mamia kwa mamia.

Msafara mmoja siwezi kuupita bila kusimama. Karibu mwaka 1150 K.K., katika mwaka wa tatu wa utawala wake, Ramesses wa Nne alituma watu zaidi ya 8,000 kwenda kuleta bekhen. Maandishi waliyoyaacha mwambani yanataja kila kundi kwa idadi yake: askari 5,000, wachonga mawe 130, wachora michoro wawili, wachongaji sanamu wanne. Kisha, mwishoni mwa hesabu, wanatajwa waliokufa ambao hawakuingizwa katika orodha: 900. Nimesoma hesabu nyingi za serikali maishani mwangu, lakini sijapata kuona nyingine inayoweka vifo vya watu 900 mahali pale ambapo karani wa bohari huweka vitu vilivyovunjika njiani. Kwa maneno mengine, mtu mmoja katika kila kumi hakurudi, na alikufa kwa ajili ya jiwe.

Kutokana na nyakati hizo hizo tumebakiwa pia na ramani. Imechorwa juu ya mafunjo na mwandishi aitwaye Amennakhte, nayo leo imehifadhiwa Turin, Italia. Inaonyesha bonde lile, njia zake, kisima, machimbo ya bekhen, na milima iliyopakwa rangi mbalimbali kufuatana na aina ya miamba. Wanajiolojia wanaihesabu kuwa ramani ya kale kuliko zote zilizosalia ya fani yao. Juu ya karatasi hiyo moja, si mbali na machimbo ya bekhen, umeandikwa mlima wa dhahabu. Msomaji aikumbuke dhahabu hiyo, maana hatutaachana nayo.

Jina la jiwe hili lilivuka bahari, na wataalamu wengi wa lugha wanakubaliana kwamba bekhen ya Wamisri ndiyo iliyozaa neno la Kigiriki basanos. Wapo waliopendekeza njia nyingine, kwamba neno limetoka Lydia, nchi iliyokuwa magharibi mwa Uturuki ya leo, ambako sarafu za kwanza za nchi za Magharibi zilipigwa katika karne ya 7 K.K. Wapo pia waliolitazamia Bashani, nchi ya mawe meusi ya mfalme Ogu, yule ambaye Biblia inasema kitanda chake kilikuwa cha chuma. Wengine wamewaza kuwa chuma kile hakikuwa chuma bali jiwe jeusi la nchi yake. Ni wazo la kufurahisha, lakini mimi njia ya Misri naiona imara zaidi, kwa sababu huko tuna jina, tuna jiwe, na tuna machimbo yenyewe.

Kwa Wagiriki, basanos haikuwa tena jiwe la kuchongea wafalme. Ilikuwa jiwe dogo jeusi la kupimia dhahabu.

Jiwe la namna hiyo nimeliona kwa macho yangu. Mwaka 1962 nilichaguliwa kuendelea na masomo ya sekondari, na nyumbani kwetu Tanga hapakuwa na fedha za ada, wala nauli, wala za lile sanduku la bati ambalo kila mwanafunzi wa bweni alipaswa kuwa nalo. Mama alikuwa na bangili mbili alizoachiwa na bibi yake. Akazifunga katika pindo la kanga, akanishika mkono, tukaenda kwa sonara. Alikuwa mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mama alimwamkia, akamwambia, "Bwana fundi, nimekuletea za marehemu bibi." Mzee hakuzitazama sana. Alitoa jiwe jeusi lililotoshana na sabuni ya kipande, akasugua bangili ya kwanza juu yake mpaka ukabaki mstari wa manjano, kisha akasugua ya pili kando yake. Pembeni akachora mistari mingine kwa vijiti alivyokuwa navyo, ambavyo ncha zake ni dhahabu ya viwango vinavyojulikana. Halafu akachovya kijiti cha kioo katika chupa ya tindikali, akagusa mistari yote mmoja baada ya mwingine.

Mstari wa bangili ya kwanza ulibaki. Wa pili ulichemka kidogo, ukageuka kijani, ukatoweka.

"Mama, hii ndiyo," alisema mzee, "na hii siyo. Hii shaba, imepakwa tu."

Mama hakubisha. Aliuza ile ya kweli, na kwa bei aliyopewa tulilipa ada tukabakiwa na nauli, na sanduku tuliazima kwa mjomba. Ile ya shaba aliirudisha mkononi, akaivaa hadi alipofariki mwaka 1987, na sikuwahi kumsikia akilitaja jambo lile mbele ya mtu. Sijui bibi yake alijua nini.

Kazi ya jiwe lile ni rahisi kueleza. Linatakiwa liwe jeusi ili mstari uonekane, gumu kuliko metali ili liikwangue, laini kwa chembe ili mstari uwe sawasawa, na liwe halidhuriki kwa tindikali. Shaba huyeyuka katika tindikali ya nitriki, dhahabu haiyeyuki. Wagiriki wa mwanzo hawakuwa na tindikali hiyo. Walilinganisha rangi ya mistari kwa macho tu, na kwa macho tu waliweza kutambua dhahabu iliyochanganywa. Katika dunia ambayo sarafu zimeanza kupita mkono kwa mkono, mtu mwenye jiwe hilo alikuwa na ukweli mfukoni.

Basi neno likaanza kupanda cheo. Kutoka jiwe la kupimia likawa kipimo chenyewe, kisha jaribio la kitu chochote: urafiki, ushujaa, uaminifu. Mpaka hapo hakuna ubaya. Lakini Waathene walikuwa na sheria moja mahakamani, kwamba ushahidi wa mtumwa hauna nguvu ila umetolewa katika mateso. Raia huru aliapa akasema. Mtumwa alipigwa, au alinyoshwa juu ya gurudumu, na alichokisema hapo ndicho kilichoandikwa. Mateso hayo yaliitwa kwa jina gani? Basanos. Mwili wa mtumwa ukafanywa ndiyo bangili, na maumivu ndiyo jiwe, na waliamini kwamba mstari utakaobaki ndio ukweli.

Sisemi kwamba wote waliamini. Aristotle, katika kitabu chake juu ya ufundi wa usemi, aliandika wazi kwamba mtu anayelazimishwa husema uongo sawasawa na anavyosema kweli. Na katika hotuba za mahakamani zilizosalia, wenye kesi wanapeana changamoto mara kwa mara kwamba mtumwa fulani atolewe ateswe, lakini karibu kila mara upande wa pili unakataa, na kukataa huko ndiko kunakofanywa hoja. Kwa hiyo yamkini jambo lile lilitishwa mara nyingi kuliko lilivyotendwa. Hata hivyo lilikuwa katika sheria, na neno lilikuwa katika vinywa vya watu waliojenga demokrasia ya kwanza tunayofundishwa kuistahi. Karne kadhaa baadaye, Injili zilipoandikwa kwa Kigiriki, neno hilo lilikuwa limeshapoteza harufu yote ya dhahabu. Yule tajiri wa kuzimu katika Luka, anayemwona Lazaro kwa mbali, yumo katika basanos, na Biblia yetu ya Kiswahili inasema mateso, kwa haki kabisa.

Tusiwatazame Wagiriki kana kwamba ni wao tu. Sisi tunalo neno fitina, tunalolitumia kwa uchonganishi wa majirani na wa wanasiasa. Wanakamusi wa Kiarabu wanaeleza kwamba asili ya neno hilo ni kuiyeyusha dhahabu au fedha motoni ili kibaya kitengwe na kizuri. Kutoka hapo likawa jaribu, kutoka jaribu likawa msukosuko unaowagawa watu, na ndivyo lilivyotufikia pwani. Tunalo pia neno mtihani. Mzizi wake katika Kiarabu una maana ya kusafisha fedha kwa moto, na wanakamusi wale wale wanatwambia kwamba ulitumika pia kwa maana ya kumpiga mtu mijeledi. Kutoka mzizi huo likapatikana jina la mihna, ule uchunguzi wa itikadi ulioanzishwa na Khalifa al-Ma'mun mwaka 833, ambao baadaye, wakati wa mrithi wake, Imamu Ahmad ibn Hanbal alichapwa kwa kukataa kutamka alichotakiwa atamke. Mimi nilisimamia mitihani zaidi ya miaka 30, na kwa sehemu ya miaka hiyo fimbo ilikuwa juu ya meza ya kila mwalimu. Nilipokutana na habari hizi za kamusi nilifunga kitabu, nikatoka nje kumwagilia michicha.

Turudi kwenye jiwe. Kutokana na basanos Wagiriki walipata jina basanites, yaani jiwe la kupimia, na Warumi wakalichukua. Mnamo mwaka 77 Pliny Mkubwa, mwanajeshi na msomaji asiyechoka, alimaliza kitabu chake kikubwa cha habari za maumbile, juzuu 37. Katika juzuu ya 36 anasema kwamba Wamisri walilipata huko Ethiopia jiwe lenye rangi na ugumu wa chuma, na kwamba jina lake limetokana na sifa hiyo. Anataja sanamu ya mto Nile iliyochongwa katika jiwe hilo, ambayo Vespasian aliiweka katika Hekalu la Amani huko Roma, ikiwa na watoto 16 wanaoucheza mto, kila mmoja akiwakilisha dhiraa moja ya kupanda kwa maji. Miaka miwili baada ya kitabu kumalizika, mwaka 79, Vesuvius ililipuka, na Pliny, aliyekwenda na merikebu kuangalia na kuokoa watu, akafia ufukweni Stabiae. Aliuawa na volkano mtu ambaye, bila kujua, alikuwa amewaandalia wenye elimu jina la mwamba wa volkano.

Nasema bila kujua kwa sababu jiwe alilokuwa akilizungumzia, bekhen ya Wadi Hammamat, si la volkano hata kidogo. Ni mwamba tabaka. Ni mchanga laini na tope lililotulia chini ya maji zamani sana, likagandamizwa na kukauka likawa gumu kama chuma. Basalti ya kweli Wamisri walikuwa nayo, lakini waliichimba kwingine, katika Widan el-Faras kaskazini ya Fayum, ambako barabara yao iliyotandikwa mawe inahesabiwa kuwa miongoni mwa barabara za kale kuliko zote duniani. Sakafu nyeusi ya hekalu la Khufu, kando ya piramidi yake huko Giza, ni basalti hiyo.

Sasa tumfikirie mnukuzi. Hatuna hata ukurasa mmoja wa mkono wa Pliny. Kitabu kilinukuliwa kwa mkono, na nakala ikanukuliwa tena, kwa zaidi ya miaka 1,300, hadi kilipopigwa chapa Venice mwaka 1469. Mahali fulani katika mlolongo huo, mtu aliyekaa karibu na dirisha katika baridi, akiandika neno la Kilatini ambalo hakupata kulisikia, badala ya basaniten aliandika basalten. Hakuna aliyemsahihisha. Angewezaje? Hakuna katika nchi yake aliyejua jiwe la Wamisri linaitwaje. Sisi tuliopata kuchapisha vijitabu kwa taipureta na stensili tunaijua hali hiyo. Mchapaji huwa haharibu neno analolifahamu. Huharibu lile alilolichukulia kuwa ni lazima liwe hivyo.

Kosa lile lingebaki kosa tu, kama lisingekutana na daktari mmoja wa Ujerumani. Georg Bauer, ambaye kwa desturi ya wasomi wa siku zile alijiita kwa Kilatini Georgius Agricola, alikuwa tabibu katika miji ya wachimba madini ya Saxony, na baadaye meya wa Chemnitz. Mwaka 1546 alichapisha kitabu juu ya vitu vinavyochimbwa ardhini. Katika Saxony, huko Stolpen, ipo ngome iliyojengwa juu ya kilima cha mawe meusi yaliyosimama kama nguzo, kila nguzo ina pande zake zilizonyooka kana kwamba zimepimwa kwa rula. Agricola aliyatazama mawe yale, rangi ya chuma, ugumu wa chuma, akamkumbuka Pliny wake, na akaamua kwamba ni jiwe lile lile. Nakala yake ilisema basaltes, naye akaandika basaltes.

Kwa hiyo jina lilitoka katika mwamba tabaka wa Misri likaenda kukaa juu ya mwamba wa moto wa Saxony, tena likiwa limeshavunjika njiani. Waingereza walilipokea muda mfupi baadaye: Philemon Holland alipotafsiri kitabu cha Pliny kwa Kiingereza, mwaka 1601, alilitumia, na tangu hapo limebaki. Mfinyanzi Josiah Wedgwood aliliazima mwaka 1768 kuuzia vyombo vyake vyeusi. Wanajiolojia wakalirithi.

Kilichofuata ni ugomvi uliodumu karibu miaka 50, na sehemu kubwa yake ulihusu swali moja: basalti ilitoka majini au motoni? Abraham Gottlob Werner, mwalimu mashuhuri wa chuo cha madini cha Freiberg, katika Saxony ile ile ya Agricola, alifundisha kwamba ilitulia majini tabaka juu ya tabaka kama miamba mingine. Wanafunzi walimjia kutoka Ulaya nzima, wakatoka na imani hiyo. Lakini Mfaransa Nicolas Desmarest alikuwa ameshaona, mwaka 1763, katika vilima vya Auvergne, nguzo za basalti zilizoungana moja kwa moja na mikondo ya zaha inayoshuka kutoka kasoko za zamani. Inasimuliwa kwamba alipoitwa kubishana hakubishana. Aliwaambia tu waende wakaone. Huko Scotland, James Hutton alifundisha habari za moto, na rafiki yake James Hall aliuyeyusha mwamba huo katika tanuri mwaka 1798, akauacha upoe polepole, akapata jiwe lenye fuwele badala ya kioo. Watu wa maji walijibu kwa kuonyesha konokono wa bahari waliogeuka mawe huko Portrush, Ireland, karibu na zile nguzo 40,000 za Giant's Causeway, ndani ya jiwe waliloliita basalti. Jiwe lile lilipotazamwa vizuri lilionekana kuwa tope la kale lililookwa na joto la mwamba uliopita jirani yake.

Walioumaliza ugomvi hawakuwa maadui wa Werner. Walikuwa wanafunzi wake. Leopold von Buch alikwenda Auvergne mwaka 1802, na Jean-François d'Aubuisson, ambaye mwaka 1803 alitoa kitabu kizima cha kuitetea hoja ya mwalimu wake kuhusu basalti ya Saxony, alikwenda huko mwaka 1804. Wote wawili waliona, wakageuka. Nimemfikiria sana huyu d'Aubuisson, aliyepanda vilima vile wakati wino wa kitabu chake haujakauka.

Jina lenyewe halikuguswa na ugomvi. Kinyume chake, lilizidi kusambaa, mpaka likawa kama kanga inayomfaa kila mtu. Katika karne ya 19 karibu kila jiwe jeusi lililotoka Misri lilibandikwa kibao cha basalti katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, bekhen na itale nyeusi pamoja. Maarufu kuliko yote ni lile lililookotwa na askari wa Ufaransa huko Rashid mwezi Julai 1799, ambalo Waingereza walilitwaa na kuliweka British Museum mwaka 1802. Lilisukwa maandishi kwa namna tatu, mbili za Kimisri na moja ya Kigiriki, na ndilo lililomwezesha Champollion, mwaka 1822, kutangaza kwamba amefumbua maandishi ya Wamisri. Kwa karibu karne mbili vitabu vilisema ni basalti nyeusi. Mwaka 1999 lilisafishwa. Weusi ule ulikuwa nta iliyopakwa kulilinda, na wino wa watu waliolichapisha juu ya karatasi, na mikono ya wageni. Chini yake palikuwa na jiwe la kijivu lenye chembe zinazometa na mshipa mmoja wa waridi kwenye pembe: granodiorite, ndugu wa itale.

Hapo mambo yalinikalia sawa kwa namna ambayo sikuitarajia. Jiwe lililoitwa basalti bila kuwa basalti ndilo lililotufungulia maandishi ya Wadi Hammamat, na ni katika maandishi hayo tulipolisoma neno bekhen, na wale watu 900.

Na lile jina sahihi, basanites, halikufa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa Alexandre Brongniart alilirudisha kazini, na leo basanite ni jina la mwamba mwingine wa volkano, jamaa wa karibu wa basalti, wenye silika pungufu kidogo. Sasa jina la asili na nakala yake iliyokosewa yanakaa jirani katika jedwali moja la miamba, na wanafunzi wa chuo kikuu huulizwa tofauti yake katika mitihani. Hapa Afrika Mashariki ipo yote mawili. Katika milima ya Chyulu, kusini mwa Kenya, wanajiolojia wameziorodhesha pamoja, basalti na basanite, na chini ya milima hiyo, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, uko mkondo mweusi wa zaha ambao wenyeji waliuita Shetani, kwa vile ulivyowaka. Nilipita hapo mwaka 1994. Ni karibu kilomita nane za mawe yaliyokwaruzana, makali kama vigae, na majani machache tu yaliyothubutu kuota. Askari wa hifadhi aliyetuongoza aliokota kipande, akakigonga kwa kingine tukasikia mlio wake, akasema hili ni jiwe la juzi, babu za wazee wa hapa waliliona likitembea.